Mfuko wa Jamii: Mwongozo Kamili wa Kuketi na Wafadhili Mkiwa Wenyeji

Katika maandiko ya miradi kuna neno moja linalonikera: walengwa. Anayelengwa ni shabaha. Hashiki upinde, hachagui mshale, wala hajui utarushwa lini. Na ndivyo misaada mingi ya kimataifa inavyopangwa. Shida huchunguzwa na mtu anayekaa mbali, dawa yake huandikwa hukohuko, bajeti hufungwa, kisha jamii huitwa kwenye mkutano wa "uhamasishaji" ili ikubali kilichokwisha kuamuliwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini anayekilalia ndiye haulizwi.

Mwongozo huu ni wa kikundi, jumuiya au asasi ndogo inayotaka kuugeuza mpango huo. Niseme msimamo wangu mapema: madaraka hayahamishwi kwa semina wala kwa tamko. Yanahama siku jamii inapokuwa na fedha zake, hata kidogo, na utaratibu wake wa kuamua juu ya fedha hizo. Ndiyo maana hatua nyingi hapa zinahusu kujenga mfuko wenu wa jamii, yaani fedha mnazochanga na kuziamulia wenyewe, na mfadhili anaingia karibu na mwisho.

Ijueni njia ya fedha

Mei 2016, kwenye mkutano wa dunia wa masuala ya kibinadamu uliofanyika Istanbul, wafadhili wakubwa na mashirika ya misaada walitia saini makubaliano yanayojulikana kama Grand Bargain. Waliahidi kwamba kufikia 2020 angalau asilimia 25 ya fedha za misaada ya kibinadamu zingefika kwa mashirika ya kitaifa na ya mashinani kwa njia iliyo fupi iwezekanavyo. Mwaka huo ukaja ukapita, na lengo halikufikiwa. Novemba 2021 Samantha Power, aliyekuwa mkuu wa USAID, shirika la misaada la serikali ya Marekani, alitangaza kwamba robo ya fedha za shirika hilo zingeelekezwa moja kwa moja kwa wabia wa ndani katika muda wa miaka minne. Miaka minne ilipotimia, 2025, shirika lenyewe lilikuwa limevunjwa.

Sisemi hivyo ili kuwavunja moyo. Nasema ili msije mkajenga mipango yenu juu ya ahadi ya mtu mwingine.

Kwa kawaida fedha hutoka serikali ya nchi tajiri, zikaenda kwa shirika la Umoja wa Mataifa au shirika kubwa la kimataifa, kisha kwa shirika la kitaifa, ndipo zikafika kwenu. Kila kituo hukata gharama zake za uendeshaji na kuongeza fomu zake. Fedha hupungua zikishuka, masharti huongezeka. Na sababu mara nyingi si roho mbaya. Ofisa mmoja wa mfadhili akiwa na fungu kubwa la kugawa, mkataba mmoja mnene unamchosha kidogo kuliko mikataba mia moja myembamba, na mkaguzi akija atamuuliza yeye. Hofu hiyo ndiyo mtakayoijibu baadaye mezani, kwa hiyo ifahamuni sasa.

Zoezi la siku moja: chagueni mradi mmoja uliowahi kupita kwenu. Chukueni karatasi kubwa, mchore kila mkono uliozigusa fedha zake. Pembeni ya kila mkono jibuni maswali matatu: nani aliamua fedha zifanye nini, nani aliajiri, nani alikuwa na uwezo wa kusema "simamisheni". Msihangaike sana na kiasi. Mkiona majibu yote matatu yapo nje ya jamii yenu, mmekwisha kujua mnachokwenda kubadilisha.

Andikeni mlivyo navyo kabla ya mnavyokosa

Mikutano mingi huanza na orodha ya shida, kwa sababu ndiyo wafadhili wanayoiuliza. Baada ya miaka kadhaa watu hujizoeza kujieleza kwa matundu yao: hatuna hiki, hatuna kile. Global Fund for Community Foundations, taasisi yenye makao yake Johannesburg inayosaidia mifuko ya namna hii duniani, husisitiza mambo matatu: mali mliyo nayo, uwezo wa kujiamulia, na kuaminiana. Ni taasisi hiyohiyo iliyoitisha mkutano wa Desemba 2016 jijini humo ambako wito wa kuhamisha madaraka ulipata sauti yake.

Gawaneni katika makundi madogo, wanawake peke yao, vijana peke yao, wazee peke yao, maana mbele ya kaka yake msichana hatasema alichotaka kusema. Kila kundi liandike mambo matano. La kwanza ni ujuzi: nani fundi, nani muuguzi mstaafu, nani anajua mahesabu. La pili ni vitu: kiwanja, jengo, pampu, chombo cha usafiri. La tatu ni fedha zinazozunguka tayari, kama vikundi vya kuweka na kukopa, michango ya misiba na sadaka. La nne ni watu wenu walio mbali. La tano watu hulisahau: ni nani hapa unaweza kumwachia fedha zako bila hati na ukalala usingizi? Majina yanayojirudia kwenye makundi yote ndimo mtakamomtafuta mhazini.

Katiba ya kurasa tatu

Mfuko wa jamii wa kwanza wa aina hii katika historia ulianzishwa Cleveland, Marekani, mwaka 1914, na Frederick Goff, mtu wa benki. Tatizo alilotaka kulitatua linatuhusu mpaka leo. Matajiri waliacha wosia wenye kusudi finyu mno, kusudi likapitwa na wakati, na fedha zikakwama kwa sababu marehemu hawezi kuulizwa. Goff akatengeneza chombo ambacho kamati ya watu walio hai ingeweza kubadilisha matumizi kadiri mahitaji yanavyobadilika. Basi msiandike "mfuko wa kununua tangi la maji". Andikeni kusudi pana, kisha kila mwaka mkutano mkuu uchague kipaumbele.

Katiba isizidi kurasa tatu, na iandikwe kwa lugha ambayo kila mwanachama anaisema nyumbani. Ieleze nani ni mwanachama, kamati ina watu wangapi na kwa muda gani, nani anaidhinisha malipo, mkutano mkuu ni lini, na mfuko ukivunjwa mali inakwenda wapi. Idadi ya wajumbe iwe witiri, saba au tisa. Kaya moja isitoe wajumbe wawili. Mpangilie karibu nusu ya wajumbe waondoke mwaka huu na waliobaki mwakani, ili kamati isianze upya na watu wasiojua ahadi zilizotolewa. Na mjumbe ambaye jambo lake, au la ndugu yake, linajadiliwa, atoke nje ya chumba. Kukaa kimya kwenye kiti chake hakutoshi. Uso wake unapiga kura.

Usajili hutegemea sheria ya nchi yenu. Kama bado hamjawa tayari kusajiliwa, tafuteni shirika lililosajiliwa liwapokelee na kuwatunzia fedha kwa ada mliyokubaliana. Mkataba na shirika hilo useme wazi kwamba fedha ni zenu, kwamba mtapata taarifa ya salio kila mwezi, na kwamba mnaweza kuhama mkitaka. Nimeona kikundi kikinyimwa fedha zake chenyewe kwa sababu mkataba ulikuwa wa mdomo na meneja aliyeahidi alihamishwa.

Kuchangisha: hesabuni watu

Hapa wengi hukosea. Wanamtafuta mtu mmoja tajiri, anatoa nusu ya mfuko, na kuanzia siku hiyo hakuna mkutano unaofanyika bila yeye. Mmemkimbia mfadhili wa mbali, mkajitengenezea wa karibu.

Kipimo cha kwanza kiwe idadi ya wachangiaji. Tuseme jamii ina kaya 300. Mfuko uliochangiwa na kaya 180 kidogo kidogo una nguvu kuliko ule wenye fedha mara tatu zilizotoka kwa watu wanne, kwa sababu kaya 180 zitakuja mkutanoni kuuliza zimetumikaje. Asiyekuwapo na lake halipo, na aliyetoa chake hakosi kuwapo. Wanawake wa Nepal walioanzisha mfuko wa Tewa katikati ya miaka ya 1990, wakiongozwa na Rita Thapa, walishika njia hiyo: kuwaomba Wanepali wa kawaida kwanza, wakati ambapo ilikuwa rahisi zaidi kubisha hodi kwa wageni.

Wekeni kiwango cha chini ambacho hata kaya yenye hali ngumu inaweza kukitoa bila kulala njaa, wala msitangaze cha juu. Kutangaza majina pamoja na kiasi huleta fedha nyingi mara ya kwanza na aibu nyingi mara ya pili. Tangazeni majina bila kiasi.

Nguvu kazi nayo ni mchango, lakini iandikwe vizuri: tarehe, jina, kazi, saa, sahihi au dole gumba. Zidisheni idadi ya siku kwa ujira wa kibarua wa eneo lenu, bila kuongeza chumvi, na mtakuwa na tarakimu ambayo mfadhili yeyote makini ataihesabu kama sehemu yenu. Tahadhari moja. Miradi mingi huwalazimisha maskini kuchimba mitaro bure na kuita hilo "ushiriki wa jamii", huku mhandisi na dereva wakilipwa. Mchango ni wa hiari na hauandamani na vitisho. Asiyeweza kuchimba asinyimwe maji.

Kugawa ruzuku, ambako usukani unaonekana

Kukusanya fedha ni jasho. Kuzigawa ni siasa. Mkifanya vizuri hapa hamtahitaji hotuba juu ya madaraka, watu watakuwa wameyashika kwa mikono yao.

Dalia, mfuko wa jamii wa Palestina ulioanzishwa 2007, una utaratibu ambao wanakijiji wenyewe hukutana na kuamua fungu la fedha ligawanywe vipi kati ya vikundi vya hapohapo. Hakuna mtaalamu anayesahihisha uamuzi wao. Utaratibu wa namna hiyo mnaweza kuuendesha hivi.

Tangazeni mapema, wiki nne kabla, kiasi kilichopo na vigezo visivyozidi vitatu. Maombi yawe ya ukurasa mmoja, na anayeshindwa kuandika aruhusiwe kueleza kwa mdomo mbele ya wajumbe wawili wanaomwandikia na kumsomea alichosema. Siku ya mkutano kila kikundi kipewe dakika tano za kusema na dakika tano za kuulizwa. Maswali yatoke kwa wananchi, kamati inyamaze.

Kura iwe ya siri. Wekeni vyungu au makopo nyuma ya pazia, kila kimoja na picha ya ombi lake, na kila mtu apewe kokoto tatu azigawe apendavyo. Kunyoosha mikono hadharani huonekana kuwa rahisi, lakini mwenye deni kwa mwenye duka atanyoosha mkono pale mwenye duka aliponyoosha. Hesabuni mbele ya wote, mwandike matokeo ukutani kabla watu hawajatawanyika.

Kasoro ya utaratibu huu lazima muikabili tangu mwanzo: wengi huwameza wachache. Watu wenye ulemavu, wajane, wakimbizi na wahamiaji waliofika juzi hawatashinda kura hata siku moja, na mkisema "ndivyo jamii ilivyoamua" mtakuwa mmerudia dhuluma ileile kwa sauti ya wenyeji. Tengeni sehemu ya fedha, kwa mfano theluthi moja, isiyopigiwa kura ya jumla bali kuamuliwa na makundi hayo yenyewe. Watakaolalamika watakuwepo. Waelezeni kwamba ndivyo ninyi mlivyokuwa mkilalamika kuhusu wafadhili.

Toeni ruzuku kwa awamu mbili, ya pili baada ya wajumbe wawili kutembelea na kuona. Kikundi kikishindwa kazi kwa uaminifu, mvua ikanyesha kupita kiasi au bei zikapanda, msikifungie milango. Kikiiba, kifungieni, na sababu isomwe mkutanoni.

Mali bila daftari hupotea bila habari

Methali hiyo inatosha kuwa sera yenu ya fedha, iliyobaki ni mazoea. Anayeidhinisha malipo asiwe anayelipa, na anayelipa asiwe anayeandika. Akaunti iwe na watia sahihi watatu, wawili kati yao wakihitajika kila mara. Kila malipo yawe na hati yenye namba, risiti ikiwa imebanwa nyuma, na kama muuzaji hana risiti aandike mwenyewe kwenye hati na kutia sahihi. Mara moja kwa mwezi, siku isiyotangazwa, wajumbe wawili wahesabu fedha taslimu na kulinganisha na daftari. Kila robo mwaka mapato na matumizi yasomwe kwa sauti mkutanoni kisha yabandikwe mahali watu wanapopita.

Fedha zikipotea, waambieni wanachama kabla ya yeyote mwingine, halafu mfadhili kama yumo, kwa barua, ndani ya siku chache. Kinachoua mfuko mara nyingi si wizi wenyewe, ni wiki tatu za minong'ono.

Sasa mwiteni mfadhili

Mkifika hapa, baada ya mwaka mmoja hivi, mna kitu ambacho waombaji wengi hawana: wachangiaji, kumbukumbu za mikutano, daftari safi, na mifano ya fedha mlizogawa wenyewe. Hofu ya yule ofisa niliyemtaja mwanzoni mnaijibu kwa karatasi hizo. Mpelekeeni orodha ya vipaumbele vilivyopitishwa na mkutano wenu pamoja na tarehe yake, muulize kipi kati ya hivyo anaweza kukigusa. Akisema havimo kwenye mpango mkakati wake, mshukuruni. Kumfuata mfadhili kwenye jambo lisilo lenu ndiyo njia ya haraka ya kugeuka ofisi yake ndogo.

Akikubali, someni mkataba wote mkiwa na mtu anayejua sheria, na mng'ang'anie mambo yafuatayo, kwa uzito huu huu nilioyapanga.

Kubadilisha bajeti. Ombeni ruhusa ya kuhamisha angalau asilimia 10 hadi 15 kati ya vifungu bila kuandika barua. Bila hiyo, bei ya saruji ikipanda mnasubiri miezi miwili jibu la barua pepe.

Gharama za uendeshaji. Kodi ya ofisi, mhasibu, simu, ukaguzi. Mashirika makubwa hujiwekea fungu hilo kwenye kila mkataba, kisha yakifika kwa asasi ndogo hutaka kila senti iende "moja kwa moja kwa jamii". Mwulizeni mbia wenu kwa utulivu: ninyi mnapata asilimia ngapi kwenye fedha hizihizi? Mwaka 2024 serikali ya Marekani yenyewe ilipandisha kiwango cha gharama hizo ambacho mpokeaji wa ruzuku anaweza kudai bila majadiliano marefu, kutoka asilimia 10 hadi 15. Ni hoja nzuri ya mezani hata kwa mfadhili asiye Mmarekani.

Malipo ya mbele. Mkataba unaowataka mtumie kwanza ndipo mrudishiwe umeandikwa kwa ajili ya wenye akiba. Ukikubaliwa bila akiba, kamati itakopa, na riba haimo kwenye bajeti.

Kushuka kwa thamani ya fedha. Ruzuku ikitolewa kwa dola au euro, andikeni nani anabeba hasara kiwango kikibadilika, na faida ikitokea inabaki kwa nani.

Taarifa. Iwe moja, kwa lugha yenu, yenye tarakimu zilezile mnazozisoma mkutanoni. Tafsiri ni gharama ya anayeihitaji. Hapo wengine watacheka, lakini wapo wanaokubali, na wengine hupokea hata taarifa ya sauti au video.

Mkilazimika kuachia kitu, achieni nembo. Wabandike jina lao kwenye ukuta, haidhuru. Haki ya kuajiri watu wenu na haki ya kubadilisha bajeti msiziachie. Na kuna mkataba wa kuukataa hata kama fedha ni nyingi: ule unaomtaka mfadhili awe na kura katika kamati yenu, au unaowataka muwape majina na picha za watu waliosaidiwa bila idhini yao.

Fungu la dharura

Vita vilipozuka Sudan Aprili 2023 na mashirika mengi ya kimataifa kuondoa watu wake Khartoum, waliobaki wakipika na kuhamisha majeruhi ni majirani, waliojipanga mtaa kwa mtaa katika vikundi vilivyokuja kujulikana kama vyumba vya dharura. Walitegemea mazoea ya kale ya kusaidiana yaitwayo nafiri, pamoja na fedha za Wasudani walio nje. Wafadhili wakubwa waliwafuata baadaye.

Funzo la kiutendaji ni kwamba maamuzi ya dharura hufanywa kabla ya dharura. Tengeni sehemu ya mfuko, sehemu moja ya kumi kwa mfano, isiyoguswa kwa kazi nyingine. Andikeni sasa ni tukio gani linalofungua fungu hilo, ni wajumbe gani watatu wanaoweza kuidhinisha kwa simu, kiasi cha juu kwa kaya moja, na siku ngapi baadaye watatoa hesabu. Namba zao za simu zihifadhiwe sehemu mbili.

Mfadhili akiondoka

Ataondoka. Andaeni siku hiyo wakati wa kutia sahihi, wakati bado mnapendana. Mkataba useme magari, kompyuta na samani zinabaki kwa nani, nani ana hati zake, na notisi ni ya miezi mingapi. Sita ni ya heshima, mmoja ni dharau. Useme pia kwamba mishahara ya notisi ya wafanyakazi italipwa na ruzuku hata ikikatishwa ghafla. Wale ambao fedha zao zilisimamishwa na serikali ya Marekani mwanzoni mwa 2025 wanajua maana ya kukosa kifungu hicho.

Miezi sita kabla ya mwisho, gawanyeni kazi za mradi katika mafungu mawili, zile ambazo mfuko wenu unaweza kuzibeba kwa michango ya wanachama na zile zitakazosimama. Yasomeni yote mawili mkutanoni, majina ya wafanyakazi watakaopunguzwa yakiwa yamekwisha kuelezwa kwa wenyewe faraghani. Kisha fungueni ukurasa mpya wa daftari, salio la mfadhili lifungwe kwa wino mwekundu, na mchango wa kwanza wa mwezi unaofuata uandikwe chini yake.